John Kirk: tabibu aliyeifuata sumu ya mishale kutoka Shire hadi maabara

Kila mzigo unaovuka mpaka huulizwa maswali mawili: ni kitu gani hasa, na ni safi kiasi gani? Wanaopakia karanga Mtandire, jijini Lilongwe, wanayajua maswali hayo. Wanaopitisha bidhaa za Dar es Salaam katika mpaka wa Songwe na kuzifikisha kwenye maduka ya Dzaleka wanayajua pia. Asiyeweza kuyajibu kwa karatasi ya maabara hupewa bei ya kubahatisha, au hurudishwa na mzigo wake.

Maswali hayo ni ya zamani. Katika karne ya 19, daktari mmoja kutoka Uskoti aliyauliza kuhusu bidhaa mbili za ukanda huu: sumu ya mishale ya wawindaji wa bonde la Mto Shire, kusini mwa Malawi ya leo, na sandarusi ya pwani ya Mrima. Daktari huyo ni Sir John Kirk. Zanzibar hukumbukwa zaidi kwa siasa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa balozi wa Uingereza siku soko la watumwa lilipofungwa. Sehemu ya maisha yake iliyogusa kemia husimuliwa mara chache, ingawa ndiyo inayomhusu zaidi mtu anayeishi kwa kununua na kuuza.

Kijana wa mimea

Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, karibu na mji wa Arbroath, mashariki mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854. Mwaka uliofuata alikwenda kutibu majeruhi wa vita vya Crimea katika hospitali iliyokuwa upande wa Uturuki. Saa zake za mapumziko alizitumia kukusanya mimea, kuikausha na kuiandikia maelezo.

Tabia hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Mwaka 1858 David Livingstone alipopanga msafara wa Mto Zambezi, alihitaji mtu mmoja atakayekuwa daktari na pia mtaalamu wa mimea. Kirk akachukuliwa. Mwezi Aprili 1859 yeye na Livingstone walifika Ziwa Chilwa, na Septemba mwaka huohuo msafara ukafika kusini mwa ziwa ambalo leo linaitwa Malawi au Nyasa.

Msafara huo haukuwa na heri nyingi. Meli yao ilikuwa mbovu, homa iliwaandama, na mwaka 1860 mtumbwi wa Kirk ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa, ambako leo kuna bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Daftari na michoro ya mimea aliyoifanyia kazi kwa muda mrefu vikachukuliwa na maji. Mwezi Julai 1861, katika nyanda za juu za Shire, msafara ulikutana na mlolongo wa watu waliofungwa kwa magogo shingoni wakipelekwa kuuzwa. Wachuuzi walikimbia, na watu 84, wengi wao wanawake na watoto, wakafunguliwa.

Ladha chungu kwenye mswaki

Katika bonde hilo la Shire, Wamang'anja waliwinda kwa mishale iliyopakwa sumu waliyoiita kombe. Mnyama aliyechomwa hakwenda mbali, na nyama yake ililiwa bila kumdhuru mtu. Kirk alitaka kujua sumu hiyo inatoka wapi. Wawindaji hawakumwambia. Ilikuwa siri ya kazi yao, kama vile mfanyabiashara asivyomtajia mgeni anakonunulia mzigo wake.

Jibu lilipatikana kwenye kijiji cha mtemi Chibisa, kando ya Shire, katika eneo la Chikwawa ya leo. Kirk aliona mmea unaotambaa juu ya mti mrefu, ukiwa na maganda. Aliomba mtu aupande mti amchumie, lakini hakuna aliyekubali. Basi akaupanda mwenyewe. Wenyeji walipomwona anayashika maganda ovyo, waliingiwa na hofu kwamba atajiua, iwapo utomvu ungeingia kwenye jeraha au mdomoni. Wakamwonya awe mwangalifu, na katika kumwonya wakafichua kwamba huo ndio mmea wa kombe. Siri iliyofichwa kwa muda mrefu ilitoka kwa sababu ya huruma kwa mgeni.

Kuijua sura ya mmea ni jambo moja, na kujua unavyofanya kazi mwilini ni jingine. Hilo la pili Kirk alilijua kwa bahati. Mswaki wake ulikuwa mfukoni pamoja na sumu kidogo. Alipoutumia alisikia ladha chungu, akadhani ni kwinini, kwa maana mpini wa mswaki huo aliwahi kuutumia kuonjea dawa hiyo. Wakati huo alikuwa na mafua na mapigo ya moyo wake yalikuwa yameongezeka. Muda si mrefu yakapungua. Kirk alikuwa daktari, hivyo hakulipuuza jambo hilo. Alielewa kwamba kombe huushika moyo, na kwamba kitu chenye nguvu ya kuusimamisha moyo wa nyati kinaweza, kwa kipimo kidogo, kuutuliza moyo wa mgonjwa.

Mwaka 1863, akiwa amedhoofishwa na ugonjwa, aliondoka Zambezi. Sampuli za mmea zilifika katika bustani ya mimea ya Kew, London. Huko ukapewa jina la kitaalamu, Strophanthus kombe, na neno la Wamang'anja likabaki ndani yake.

Sandarusi: ya mti, chakazi au ya ardhini

Kirk alirudi Afrika Mashariki mwaka 1866, safari hii Zanzibar, akiwa daktari wa ubalozi wa Uingereza. Forodhani aliikuta biashara kubwa ya pembe, karafuu na sandarusi. Sandarusi ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Marekani, Uingereza na Ujerumani kwa ajili ya kutengenezea vanishi, ile inayong'arisha magari ya farasi na samani.

Tatizo lilikuwa kwamba jina sandarusi lilibeba vitu vinavyotofautiana sana kwa bei. Kulikuwa na utomvu uliochumwa moja kwa moja kwenye mti. Kulikuwa na ule uliofukuliwa juujuu karibu na miti iliyokufa si zamani, ulioitwa chakazi, neno ambalo wanunuzi wa Kizungu walishindwa kulitamka wakaligeuza kuwa jina la punda kwa Kiingereza. Na kulikuwa na ule uliochimbwa chini ya ardhi, mara nyingi mahali ambapo hapakuwa tena na mti hata mmoja. Huu wa mwisho ulikuwa mgumu, uliyeyuka kwa moto mkali tu, na ulitoa vanishi bora kuliko zote. Ukioshwa kwa magadi, juu yake hutokea vipele vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Mnunuzi mzoefu aliviangalia vipele hivyo kabla ya kutaja bei.

Wataalamu wa Ulaya walibishana kama ule wa ardhini ulitoka kwenye mti uleule au kwenye mti mwingine uliotoweka. Kirk alikwenda kwenye ushahidi. Alipasua na kuchunguza vipande vilivyochimbwa, akatafuta vitu vilivyonaswa humo utomvu ulipokuwa bado laini. Alikuta majani na maua. Akayalinganisha na yale ya mti wa sandarusi unaoota pwani, na vikalingana. Ulikuwa mti mmoja, na kilichozitofautisha aina zile tatu ni muda: kadiri utomvu ulivyokaa ardhini ndivyo ulivyokauka na kukomaa, hata ukapata ugumu ambao utomvu mbichi hauna.

Kwa mfanyabiashara, maana ya matokeo hayo ilikuwa wazi. Sandarusi ya ardhini ni akiba isiyojijaza kwa maisha ya mtu mmoja wala kumi. Ikichimbwa yote, kinachobaki ni kusubiri miti iliyo hai, nayo hutoa bidhaa ya bei ndogo.

Mkataba wa 1873

Cheo cha Kirk kilipanda mpaka akawa balozi mkuu. Mapema mwaka 1873 Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumshawishi Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa ya baharini. Sultani alikataa, kwani kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya Unguja na hazina yake ilikuwa imeyumba. Frere alipoondoka, Kirk ndiye aliyebaki na agizo la London kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari Sultani asipokubali. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Baada ya hapo Kirk alikuwa na sauti kubwa katika mambo ya Barghash kwa zaidi ya miaka kumi. Aliendelea kutuma mimea Kew na kupanda miti ya majaribio katika bustani yake ya Mbweni. Mpira wa mwitu wa pwani ulipewa jina lake, Landolphia kirkii, na hata kima punju wa Unguja, yule wa msitu wa Jozani, hubeba jina la Kirk katika vitabu vya wanasayansi.

Mezani Edinburgh

Wakati huohuo, kombe ilikuwa imefika kwenye meza ya mtu mwingine. Thomas Richard Fraser, aliyezaliwa Calcutta, India, mwaka 1841, alikuwa daktari wa Edinburgh aliyejifunza kuzichanganua sumu. Kuanzia karibu mwaka 1870 alitangaza matokeo yake juu ya sumu ya Shire.

Kazi aliyoifanya huitwa uchanganuzi: kukitoa kitu kimoja ndani ya mchanganyiko mpaka kibaki peke yake. Mbegu za kombe zina mafuta mengi, na mafuta hayo si sumu. Fraser alizisaga, akayaondoa mafuta kwa etha. Kilichobaki alikiloweka katika spiriti, kwa sababu sumu huyeyuka humo. Spiriti ilipovukizwa, alipata masalia machungu, bado yakiwa na uchafu. Akayayeyusha katika maji na kutia tanini, kitu kilekile kinachokausha ulimi mtu anapokunywa chai iliyokolea. Tanini iliishika sumu ikazama nayo chini. Kisha akatumia oksidi ya risasi kuitenga tanini na sumu, akaichukua sumu tena kwa spiriti. Mwisho akapata unga mchungu kupita kiasi, akauita strofanthini.

Aliuchemsha unga huo katika asidi hafifu na ukavunjika sehemu mbili, sukari na kitu kingine kilichoitwa strofanthidini. Hivyo ikajulikana sumu imeundwa na nini. Majaribio kwa vyura yalionyesha kwamba huushika msuli wa moyo wenyewe, sawasawa na alivyohisi Kirk kwenye mapigo yake. Mwaka 1885 Fraser aliwaeleza madaktari wenzake wa Uingereza kwamba amewatibu wagonjwa wa moyo kwa dawa hiyo. Mpaka hapo walitegemea zaidi mmea wa Ulaya uitwao dijitalisi.

Mbegu zapanda bei, na udanganyifu pia

Habari ya Fraser ilizua mahitaji ambayo hayakuwapo. Mbegu ambazo wawindaji wa Shire walizichuma kwa matumizi yao zikawa bidhaa ya kusafirishwa nje, zikiorodheshwa miongoni mwa mauzo ya himaya ya Waingereza iliyokuja kuitwa Nyasaland.

Panapokuwa na bei nzuri, mchanganyo hauko mbali. Mbegu za aina nyingine za Strophanthus zilitiwa kwenye magunia ya kombe. Zilitiwa hata mbegu za Kickxia, mti wa mpira wa Afrika Magharibi, kwa sababu zinafanana. Wengine waliuza mbegu zilizokwisha kulowekwa katika spiriti na kukamuliwa dawa yote, zikakaushwa na kuonekana kama mpya. Mgonjwa aliyepewa dawa ya mbegu hizo hakupata nafuu, na aliyehamishiwa ghafla kwenye dawa ya mbegu kali alikuwa hatarini kufa.

Maabara zikatafuta vipimo vya haraka. Mbegu ilikatwa kwa wembe, ikadondoshewa asidi kali ya salfa. Kombe halisi hugeuka kijani. Aina ya Gabon, Strophanthus gratus, hugeuka wekundu. Kilichoamua bei ya gunia kikawa tone moja la asidi. Tone hilo lilikuwa Ulaya, halikuwa Chikwawa, hivyo mchumaji hakuwa na namna ya kubisha alipoambiwa mbegu zake ni hafifu.

Fuwele husema ukweli

Unga wa Fraser haukuwa neno la mwisho. Mwaka 1888 Mfaransa Albert Arnaud alipata uabaini kutoka kwenye mti ambao Wasomali waliutumia kwa sumu ya mishale, akaipata katika umbo la fuwele safi. Kisha akagundua kwamba kitu hichohicho kimo katika mbegu za Gabon. Watu waliotenganishwa na bara zima, wasiowahi kukutana, walikuwa wamechagua sumu moja.

Fuwele ni ushahidi mzito katika kemia. Ndani yake chembe zote zimejipanga kwa mpango mmoja, kama matofali ya ukuta, na chembe ya kigeni haipati nafasi kwa urahisi. Ndiyo maana kuyeyusha kitu na kukiacha kigande tena kuwa fuwele ni njia ya kukisafisha. Fuwele safi huyeyuka kwenye joto lake lilelile kila mara, na ile yenye mchanganyo huyeyuka mapema na polepole. Mwaka 1912, Kirk akiwa bado hai, wanasayansi wa Ujerumani walipitisha eksirei ndani ya fuwele na kuona zikitawanyika kwa mpangilio. Tangu hapo fuwele iliweza kusomwa ndani.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Albert Fraenkel alitangaza matokeo ya kudunga strofanthini kwenye mshipa. Tumbo huifyonza kidogo sana, jambo linaloeleza pia kwa nini nyama ya mnyama wa kombe ililiwa salama. Katika miaka ya 1930 ilithibitika kwamba kiini chake ni cha ukoo wa steroidi. Kazi ya kinyume, yaani usanisi, kukijenga kitu hicho kuanzia malighafi ndogondogo, ilichukua muda mrefu zaidi: uabaini ilikamilishwa maabara na kikosi cha Pierre Deslongchamps nchini Kanada mwaka 2008.

Somo la biashara lilikuja mwaka 1949. Dawa mpya ya kotisoni ilipotikisa dunia, wataalamu walitumwa Afrika kutafuta aina nyingine ya mmea huo, Strophanthus sarmentosus, iwe malighafi. Kabla haijawa zao la maana, wanakemia walipata njia ya kuanzia kwenye kiazi cha mwitu cha Mexico, na soko likahamia huko.

Mwisho wa safari

Kirk aliondoka Zanzibar mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani wakiwa wameanza kuigawana bara ya Sultani. Alishiriki mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 dhidi ya biashara ya watumwa, kisha akawa katika kamati ya reli ya Uganda. Alifariki tarehe 15 Januari 1922 huko Sevenoaks, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 89.

Strofanthini haitumiki sana siku hizi, lakini wanakemia bado huiandika kwa herufi k mbele yake, k ya kombe. Majina ya watu wa kijiji cha Chibisa waliomwonya Kirk juu ya mti hayakuandikwa popote.

Kipimo chenyewe kimesogea karibu. Tangu mwaka 1960, batamzinga wengi walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga zenye ukungu, karanga na mahindi hupimwa sumu ya aflatoksini. Sampuli husagwa, hulowekwa katika spiriti, kisha sumu hutengwa na kupimwa, hatua zinazokaribiana na za Fraser. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni. Mwezi Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na malori yakasimama mpakani. Mwenye karanga Mtandire anayeanika vizuri, anayechambua zilizooza na kupima sampuli kabla ya kupakia, hufika kwa mnunuzi akiwa na jibu mkononi. Wachumaji wa Shire hawakuwa nalo.